MFAHAMU POINTA, MBWA MWINDA NDEGE

Nilipopewa ukurasa huu niliambiwa niandike juu ya jambo ninalolijua, nami nimechagua mbwa. Najua wapo watakaoguna. Katika mazungumzo yetu mbwa hana heshima kubwa. Anayezurura bila kazi huitwa mbwa koko, na anayetaka kumuudhi mwenzake kabisa hulitaja jina hilo tu, ugomvi ukaanza. Lakini wahenga waliposema kuwa mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, walikuwa wanakiri kuwa wapo mbwa wenye kazi na ujuzi, na kwamba ujuzi huo wategemea sana mtu aliyeshika kamba. Mbwa nitakayemweleza hapa ni wa namna hiyo.

Kwa Kijerumani anaitwa Deutsch Kurzhaar, maana yake Mjerumani mwenye nywele fupi. Kwa watu wengi ni pointa wa Kijerumani, na hilo jina la pointa limetokana na kazi yake ya kuonyesha mahali ndege alipojificha. Nimemchagua yeye kwa sababu moja: tunaye mmoja hapa shuleni. Naam, ni Simba, yule mbwa wa madoadoa anayefungwa nyuma ya stoo ya jikoni. Aliletwa mwanzoni mwa mwaka kama zawadi kutoka kwa familia iliyokuwa inahama nchi, akakabidhiwa walinzi ili awasaidie usiku. Tangu hapo nimesikia mengi juu yake. Eti ni mwoga, kwa kuwa alimpokea mgeni wa saa nne usiku kwa kutikisa kile kijimkia chake. Eti ana wazimu, kwa sababu huzunguka duara moja mchana kutwa mpaka nyasi zimekwisha pale. Eti ni mharibifu, na hili siwezi kulikana, maana viatu vya mlinzi mmoja na ndoo mbili za jikoni zimekwenda. Sasa yasemekana kwamba kabla shule haijafungwa uamuzi utafanywa, abaki ama aondolewe, na sote twajua mbwa asiyetakiwa na mtu huondolewa kwa njia gani.

Mimi si daktari wa mifugo. Ninayoyajua nimeyapata kwa mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtunza mbwa katika shamba moja kubwa kule Laikipia ambako walifugwa pointa kadhaa. Likizo zangu nyingi nimezimaliza kwake nikibeba ndoo za maji na kusafisha vibanda. Mengine nimeyasoma vitabuni.

Tuanze na asili yake. Zamani huko Ujerumani wenye haki ya kuwinda walikuwa watawala na makabaila. Hao walikuwa na mbwa kwa kila kazi: huyu wa kufuata nyayo za mnyama aliyejeruhiwa, yule wa kusimamia ndege vichakani, mwingine wa kuokota bata majini. Mapinduzi ya mwaka 1848 yakazivunja haki hizo za makabaila, na raia wa kawaida nao wakaanza kushika bunduki. Sasa, raia wa kawaida atawalisha vipi mbwa kumi? Alitaka mmoja tu atakayefanya kazi zote, kisha jioni arudi naye nyumbani alale karibu na watoto. Basi wafugaji wakawachukua mbwa wazito wa kale, wenye pua nzuri lakini wa polepole, wakawachanganya na pointa wa Kiingereza mwenye mbio na anayebeba kichwa juu. Mwanamfalme Albrecht zu Solms-Braunfels alikuwa miongoni mwa walioshikilia kwamba mbwa achaguliwe kwa kazi, na sura itajifuata yenyewe. Daftari la vizazi vya mbwa hawa laanzia mwaka 1872, na chama chao, Klub Kurzhaar, kiliundwa mwaka 1891. Marekani walifika mwaka 1925, wakatambuliwa rasmi na chama cha mbwa cha huko mwaka 1930. Wale wanaodhani Simba wetu ni koko la kawaida wajue kwamba ndugu zake wametwaa tuzo kuu ya mashindano ya Westminster kule New York mara tatu, yaani mwaka 1974, 2005 na 2016.

Umbo lake ni la mwanariadha. Dume husimama sentimita 62 hadi 66 begani, jike 58 hadi 63, na dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 25 hadi 32 hivi. Kifua chake kimeshuka chini hadi kwenye viwiko ili mapafu yapate nafasi, lakini kiuno ni chembamba. Rangi yake ni ya maini, au nyeusi, ama tupu ama iliyochanganyika na nyeupe kwa madoa na vitone. Masikio yamelala. Mshike mguu (kwa upole tafadhali) umpanue vidole, utaona ngozi kati yake kama ya bata. Ngozi hiyo humsaidia kuogelea. Nywele zake ni fupi na ngumu kidogo ukizipapasa. Hazishiki tope wala miiba, lakini hazimfuniki vizuri wakati wa baridi. Nitalirudia hili.

Ama kuhusu mkia, niliulizwa na wengi wa Kidato cha Kwanza ni nani aliyemkata. Hakukatwa hapa. Wawindaji huko Ulaya walizoea kuupunguza mkia wa mtoto akiwa na siku chache tu, kwa hoja kwamba mkia mrefu hupigwa na miiba ukachanika na kutoa damu. Siku hizi nchi nyingi zimekataza. Ujerumani inaruhusu kwa mbwa wa kuwinda tu, na Uingereza iliweka sheria ya mwaka 2006 inayoruhusu kwa mbwa wa kazi peke yao. Kwa maoni yangu mbwa anayeishi nyuma ya stoo hakuhitaji kukatwa chochote, lakini hilo limekwisha kupita.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo penye utamu.

Ndani ya pua ya mwanadamu mna chembe za kunusia zipatazo milioni 5 au 6. Za mbwa huhesabiwa kwa mamia ya milioni. Mwindaji humwachilia pointa upepo ukiwavuma usoni, kwa sababu upepo ndio unaoleta habari. Mbwa haendi moja kwa moja mbele. Hukata kushoto, akageuka, akakata kulia, akasonga mbele kidogo, tena kushoto, mfano wa mtu anayepiga deki bwalo la chakula asiache hata pembe moja. Kichwa amekiinua, tofauti na mbwa wa kufuata nyayo ambaye pua yake hukokota chini. Naye hukimbia, hatembei. Kazi hii yaweza kuendelea kwa saa nyingi kwenye mashamba ya ngano na vinamasi, na mbwa mwenyewe haonekani kuchoka.

Kwale akihisi hatari haruki mara moja. Hujilaza chini akanyamaza, akitumaini kwamba rangi yake na ya majani makavu ni moja. Mtu anaweza kumpita hatua mbili asimwone. Lakini ijapokuwa ndege amelala, harufu yake hailali. Pointa aliye katikati ya mbio akiipata harufu hiyo husimama ghafla kama aliyegonga ukuta asioonekana. Mguu mmoja wa mbele hubaki hewani, mkia unanyooka, shingo inanyooka, na pua inaelekea pale pale ndege alipo. Habweki. Hapepesi. Unaweza kumwona akitetemeka kidogo mapajani kwa hamu, lakini hasongi. Atasimama hivyo mpaka mwindaji afike, amshtue ndege aruke, apige risasi. Mbwa aliyefunzwa vizuri hubaki amesimama hata baada ya mlio, hadi aambiwe nenda. Ndipo hukimbia, akamwokota ndege na kumleta mkononi bila kumvunja hata mfupa. Kushika huku kwa upole wafugaji huita mdomo laini, na mjomba wangu alikuwa na jike mmoja aliyeweza kubeba yai la kuku kutoka bandani hadi jikoni. Nimeliona kwa macho yangu.

Je, tabia hii ya kusimama imetoka wapi? Si ya ajabu kama inavyodhaniwa. Mtazame paka wa jikoni anapomvizia panya. Kabla ya kuruka, husimama kidogo kabisa akapima. Kila mnyama mla nyama ana kituo hicho. Kwa pointa, watu wamechagua wazazi wenye kituo kirefu, vizazi kwa vizazi, hata sasa kituo kimekuwa kirefu kuliko mruko wenyewe. Hafundishwi na mtu. Anachofundishwa ni kuvumilia. Mjomba alikuwa akifunga unyoya wa kanga kwenye uzi wa kuvulia samaki, akauning'iniza mbele ya vitoto vya majuma manane. Vitoto hivyo, ambavyo bado vilikuwa vinajikwaa kwa miguu yao vyenyewe, vilisimama mguu juu!

Mkishafahamu hayo, kumbukeni kisa cha muhula wa pili. Simba alichomoa shingo kwenye mnyororo akakimbilia banda la kuku wa mradi wa kilimo. Kelele zikapigwa kuwa mbwa anamaliza kuku. Tulipofika tulimkuta amesimama nje ya waya, mguu mmoja umekunjwa, hajigusi. Mmoja akasema amepooza. Mwingine akasema amerogwa. Kuna waliookota mawe. Kumbe mwenzetu alikuwa kazini! Alikuwa anatuambia kwa lugha yake: jamani, ndege hawa hapa, njooni. Kuku wote walihesabiwa jioni na hakupungua hata mmoja. Hata hivyo nisiwadanganye. Kuku akipapatika mbele ya pointa ambaye hajafunzwa, atadakwa, na mdomo laini hautamfaa kitu kuku aliyekufa kwa hofu. Waya wa banda utengenezwe, na Simba asiachiliwe karibu na hapo.

Huenda mtu akauliza: kama ni mbwa wa kuwinda, mbona asipelekwe kuwinda? Hapa Kenya uwindaji wa wanyama wa mwituni ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeutaja uwindaji wa kujiburudisha kuwa kosa. Kwa hivyo asiwepo wa kumchukua Simba Jumamosi akamwachilie kwenye kwale na kanga wa kule bondeni. Lakini pua haijafungiwa kazi moja. Huko Marekani mbwa wa jamii hii ni miongoni mwa wanaotumiwa sana katika viwanja vya ndege kunusa baruti, na katika nchi za baridi pointa wamezalishwa na mbwa wa theluji ili wapatikane wavutaji wepesi wa mashindano. Jambo la maana ni kwamba apewe kitu cha kutafuta na mahali pa kukimbia.

Na hapo ndipo penye shida yetu. Mnyama aliyeundwa kwa ajili ya kukimbia siku nzima amefungwa kwa mnyororo wa mita mbili. Lile duara lisilo na nyasi si wazimu. Ni mwendo uliokosa pa kwenda. Mjomba aliniambia kwamba pointa asipopewa kazi hujitafutia, na kazi atakayojitafutia hutaipenda: atachimba, atatafuna, ataruka ua wa urefu wa mtu, atabweka kwa mwangwi wake mwenyewe. Jamii hii isitoshe ilizaliwa ifanye kazi bega kwa bega na mtu. Kutengwa peke yake kwamuumiza kuliko mbwa wa jamii nyingine nyingi. Kila mpishi anapopita na sufuria, Simba hulia kidogo. Tumezoea kusema analilia nyama. Sidhani ni nyama tu.

Kwa sababu hiyo hiyo si mlinzi wa kutegemewa. Atabweka, ndiyo, na masikio yake ni mazuri. Lakini kwake mgeni ni rafiki ambaye bado hajaletwa kusalimiwa. Ukimtaka mbwa wa kumrarua mwizi, hukuletewa huyo. Ukimtaka mbwa wa kutembea na mlinzi usiku kwa kamba, akamwambia mapema kwamba kuna kitu nyuma ya maabara, huyu anafaa sana, na kwa kufanya hivyo atakuwa anatembea. Walinzi wetu wawili nimewaeleza, mmoja akacheka, mmoja akasema atajaribu.

Mbwa huyu akiwa mzima anahitaji saa moja hadi mbili za mwendo wa nguvu kila siku. Kumzungusha kibanda mara tatu si kitu. Hapa shuleni tuna watu wanaoamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kukimbia hadi mtoni na kurudi. Nao ni kikosi chetu cha mbio za nyika. Sijui kama kuna mbwa anayewafaa watu hao zaidi ya huyu, wala watu wanaomfaa mbwa huyu zaidi ya hao. Kadi yake inaonyesha kuwa ametimiza miaka mitatu, kwa hivyo mifupa imekomaa. (Mtoto wa chini ya mwaka mmoja na nusu asikimbizwe masafa marefu barabarani, viungo huharibika.) Aanze kidogo kidogo, maana mnyama aliyefungwa miezi mingi hana pumzi hata kama ana hamu. Kukimbia kuwe alfajiri au jioni. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, na pointa ana moyo wa ajabu, atakimbia juani mpaka aanguke kabla hajakubali kusimama. Ulimi ukiwa mrefu na mwekundu sana na miguu ya nyuma ikiyumba, simama, tafuta kivuli, mmwagie maji ya kawaida tumboni na mapajani. Siku za mvua ambapo kikosi hakitoki, ficha soksi kuukuu kwenye nyasi za uwanjani umwambie tafuta. Dakika kumi za pua humchosha kuliko mnavyofikiri.

Chakula nitakizungumzia kidogo tu, lakini msikie. Makombo ya bwalo hayatoshi. Ugali na maharagwe hujaza tumbo, lakini mbwa wa mbio anahitaji nyama au samaki. Ugali uliochanganywa na omena, au mapafu na matumbo yaliyochemshwa, ni chakula cha kutosha na si ghali. Nimesema yaliyochemshwa. Matumbo na maini mabichi ya kondoo na mbuzi yanaweza kumpa mbwa tegu, na mayai ya tegu huyo yakimwingia mtu huota vivimbe vya maji ndani ya maini na mapafu. Ugonjwa huo unajulikana sana kule Turkana. Vitunguu ni sumu kwa mbwa kwa sababu huharibu damu yake. Kwa hivyo ile githeri ya Alhamisi iliyokaangwa kwa vitunguu tele asipewe, hata akiomba kwa macho. Chokoleti vilevile, ingawa sidhani kuna mtu humu atakayeigawa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali vinavyotoboa utumbo.

Alishwe mara mbili, asubuhi na jioni, wala si mlo mmoja mkubwa, na asikimbizwe akiwa ameshiba. Mbwa wenye kifua kirefu kama huyu hupatwa na balaa la tumbo kujaa gesi kisha kujipinda. Dalili zake ni tumbo kuvimba na kuwa gumu kama ngoma, mate mengi, na kujaribu kutapika pasitoke kitu. Hapo hakuna dawa ya kienyeji wala kungoja mwalimu wa zamu amalize kikao. Ni daktari wa mifugo mara moja, kwa sababu saa chache tu zaweza kumuua. Mjomba alimpoteza dume wake bora kwa namna hiyo, usiku, mto ukiwa umefurika na gari haliwezi kuvuka. Mpaka leo akitaja jina la mbwa yule hunyamaza kidogo.

Nilisema nitaurudia ubaridi. Usiku wetu wa mwezi wa saba kila mtu anaujua, watu hulala na sweta. Simba hulala kwenye saruji tupu, na nywele zake ni kama za kitambaa cha mahameli kilichochakaa. Mbao chache za kuinua sakafu, magunia mawili na nyasi kavu zinazobadilishwa kila juma zatosha. Mlango wa kibanda usielekee upande wa upepo. Hilo ni jambo la saa moja kwa wanafunzi wa useremala.

Kumsafisha ni rahisi. Kitambaa kibichi na brashi ngumu mara moja kwa juma, sabuni mara chache sana. Masikio yakaguliwe kwa sababu yamelala na hewa haiingii vizuri. Yakinuka au akitikisa kichwa kila saa, kuna tatizo. Kucha zikigonga sakafu anapotembea, zimezidi. Kupe ndio adui mkubwa. Watafutwe kila siku ndani ya masikio, chini ya ukanda wa shingoni na kati ya vidole. Kupe wa mbwa huleta homa. Mbwa hukataa chakula, fizi zinapauka, mkojo unaweza kuwa mwekundu au wa rangi ya kahawa, na wengine hutokwa na damu puani. Ajabu ni kwamba kupe hao huishi pia kwenye nyufa za kibanda, hivyo ukimwogesha mbwa na kuacha kibanda umefanya nusu ya kazi. Dawa ya josho la ng'ombe isitumiwe kwa kukisia. Vipimo vya ng'ombe si vya mbwa. Tena asiachwe kula wale mbawakawa wanaobiringisha mavi ya ng'ombe, kwani hubeba mnyoo uitwao Spirocerca lupi, ambaye hufanya uvimbe kwenye koo la chakula.

La mwisho ni zito kuliko yote, na linatuhusu sisi kuliko linavyomhusu Simba. Kichaa cha mbwa hakina tiba mara dalili zikishaonekana kwa mtu. Serikali yetu ilijiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030, na njia kuu ni kuchanja mbwa. Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ukiumwa na mbwa yeyote, hata mdogo, hata unayemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, halafu nenda hospitali siku ile ile ukaanze sindano. Usifunge na kitambaa ukarudi prepu. Na wale wanaomrushia Simba mawe wakipita kwenda bwaloni, nawaomba waache. Hakuna mbwa, hata mpole kama huyu, atakayevumilia mawe milele, na akimuuma mtu siku moja hakutakuwa na mjadala tena juu yake.

Kadi yake ya chanjo imo ofisini kwa mwalimu wa kilimo, na sindano ijayo ni mwezi wa Januari. Kapteni wa mbio za nyika amekubali kumjaribu kuanzia Jumatatu ijayo, iwapo mwalimu mkuu ataridhia. Barua tumeshaiandika na imetiwa sahihi na wanachama 34 wa chama chetu. Kinachokosekana ni ukanda mpana wa ngozi wa shingoni na kamba ya mita mbili, kwa maana ule mnyororo hauwezi kukimbiwa nao. Mwenye ukanda kuukuu wa suruali aulete chumba cha Kidato cha Tatu Mashariki. Fundi wa viatu wa hapo langoni amesema ataushona bure.